Dakika Tatu za Jumatatu

Cheti changu cha kwanza cha mafunzo ya dharura nilikitia fremu. Fundi wa picha pale stendi alinichagulia fremu ya rangi ya dhahabu yenye maua pembeni, nikakitundika sebuleni juu ya televisheni ili mgeni akiingia asikose kukiona. Mafunzo yenyewe yalichukua siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, mchana tukala pilau kuku, tukapiga picha ya pamoja, tukasaini karatasi za posho. Katikati ya hayo, kila mmoja alipata nafasi ya kumshika mdoli wa mtoto mchanga na kumpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kuminya wenye barakoa, dakika nne hivi, huku wenzake thelathini wakisubiri zamu nyuma yake, wengine wakichati.

Nilifaulu vizuri. Wiki tano baadaye, saa tisa usiku, nikiwa muuguzi wa zamu leba, mama wa uzazi wa tatu alijifungua mtoto wa kiume aliyelegea kama kitenge kilicholowa.

Nataka nieleze sawasawa kilichotokea, maana kwa miaka mingi nilikieleza vibaya, hata kwangu mwenyewe. Nilijua la kufanya. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekutajia hatua zote kwa mpangilio: mkaushe, mtie joto, msafishe njia ya hewa kama ina uchafu, msugue mgongo, na kama bado hapumui, anza kumpa pumzi kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakufunzi walituambia dakika hiyo inaitwa Dakika ya Dhahabu. Niliiandika kwenye daftari nikaipigia mistari miwili. Lakini usiku ule mikono yangu ilifanya kile tu ilichokizoea. Kumsugua na kumnyonya makamasi, kumsugua na kumnyonya, kama mtu anayepiga kiki pikipiki iliyogoma na hataki kukubali kwamba haina mafuta. Nilipokuja kuikumbuka ambu, ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi ya inchaji, muuguzi kiongozi wa wodi. Barakoa ilipofika usoni kwa mtoto, hewa ikawa inatorokea pembeni. Nilikuwa naisikia inanipuliza kidole gumba. Kifua hakikuinuka. Nikaminya kwa nguvu zaidi. Hakikuinuka.

Mwenzangu alikuwa amekimbia kumwita daktari. Daktari alipofika, tulikuwa tumeshamfunika mtoto.

Mapigo ya moyo yalikuwepo. Nilishika kitovu mwanzoni kabisa nikayahisi, ya polepole lakini yapo. Kwenye kitabu cha wodi niliandika kwamba mtoto amezaliwa mfu. Hakuna aliyeniuliza swali, na mama mwenyewe alinipa pole.

*

Sikuwa peke yangu katika uandishi ule. Mafunzo ya mdoli na ambu yalianza kusambazwa duniani mwaka 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu. Matokeo ya hospitali nane za hapa nchini yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hilo lilinifurahisha. Lililonikosesha usingizi ni namba iliyofuata: watoto waliozaliwa wafu, wale ambao miili yao inaonyesha walikuwa hai muda mfupi uliopita, nao walipungua kwa asilimia 24. Ambu haimfufui maiti. Kama mafunzo ya kumpa mtoto pumzi yamepunguza wafu, basi sehemu ya wale wafu hawakuwa wafu. Walikuwa watoto kama yule wangu, wenye moyo unaopiga, walioandikwa kwa mkono wa mtu aliyechoka na kuogopa.

Kwa hiyo mafunzo yanafaa, si ndiyo? Ndivyo nilivyodhani. Kisha nikakutana na kazi ya watu wa Haydom.

Haydom ni hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na lami kwa muda mrefu wa maisha yake. Wao walifanya jambo ambalo wakufunzi wengi hawathubutu: baada ya kufundisha, hawakuishia kuwapima wakunga kwa mdoli. Waliweka watu wenye saa leba, wakahesabu kilichofanyika kwa watoto halisi. Wamegundua, kwa mfano, kwamba kila nusu dakika inayopotea kabla ya kuanza kumpa mtoto pumzi inaongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto huyo kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Lakini ripoti yao nyingine ya mwaka 2013 ndiyo iliyonikalisha chini. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walipimwa tena kwa mdoli, wakafanya vizuri kuliko kabla. Kwa watoto halisi, leba, hakuna kilichobadilika.

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Kwa mdoli, sawa. Kwa mtoto, vilevile kama zamani. Ilikuwa ni mimi, na cheti changu chenye maua pembeni.

Haydom hawakukata tamaa, wala hawakuita semina nyingine. Walimleta mdoli leba. Wakunga wakawa wanafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, hapo hapo kazini, pamoja na kipindi kirefu kidogo kila mwezi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka watoto 11 hadi 7 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Watu walewale, ambu zilezile. Kilichoongezeka ni dakika hizo chache za mazoezi.

*

Kwetu jambo hili lililetwa na inchaji mpya, mama mmoja mfupi asiyependa vikao. Wiki yake ya kwanza alichukua ufunguo kwenye ule msumari, akafungua kabati, akatoa ambu zote, kisha akamwita fundi akang'oa mlango wa kabati. Metroni, mkuu wa wauguzi, akamwambia vitu vitaibiwa. Akajibu, "Vikiibiwa tutajua. Sasa hivi hata hatujui kama vinafanya kazi." Kati ya ambu nne, moja ilikuwa na vali iliyogandamana na nyingine ilikuwa na barakoa ya mtu mzima.

Halafu akamleta mdoli. Kama hujawahi kumwona, ni mwepesi kama gauni ukimtoa kwenye boksi. Unamjaza maji ya uvuguvugu mpaka anapata uzito wa kichanga, na ghafla mikono yako inamheshimu. Ana vipira vidogo vilivyounganishwa kwa mirija. Mkufunzi akiminya kimoja kitovu kinapiga, akiminya kingine mtoto analia, akiviacha vyote yuko kimya. Kampuni inayomtengeneza, Laerdal ya Stavanger huko Norway, ilianza maisha yake kwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, na mdoli wao wa kwanza wa kufundishia uokoaji, Anne, alitoka mwaka 1960. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini wahudumu wetu wa usafi walikuwa wakimbeba mgongoni akiachwa peke yake.

Jumatatu asubuhi, zamu ya usiku inapokabidhi kwa zamu ya mchana, inchaji anamlaza mdoli mezani na kuwanyooshea kidole watu wawili. "Huyu amezaliwa sasa." Basi. Hakuna hotuba wala utangulizi. Mmoja anakausha, mwenzake anatazama saa ya ukutani. Kama halii, kitovu kinakatwa, anahamishiwa kwenye meza ya joto, kichwa kinawekwa kama cha mtu anayenusa ua, barakoa inakaa kuanzia kidevuni hadi juu ya pua bila kugusa macho. Minya, mbili, tatu. Minya, mbili, tatu. Hiyo inakupa pumzi kama arobaini kwa dakika. Kifua kisipoinuka huongezi nguvu kama nilivyofanya mimi. Unaipanga barakoa upya, unarekebisha kichwa, unatazama kama mdomo una ute, unaufungua mdomo kidogo, ndipo unaminya zaidi. Inchaji alikuwa na tabia ya kukilegeza kichwa cha mdoli kwa siri ili hewa isiingie, aone utafanya nini.

Mwezi wa kwanza tulikuwa wawili, watatu. Mafunzo bila posho, wenzangu walisema, ni mahubiri. Siwalaumu. Tumezoeshwa hivyo kwa miaka mingi: kujifunza ni kusafiri, kulala hotelini, kurudi na begi la nailoni lenye nembo ya mradi. Mimi mwenyewe nina mabegi saba. Semina za hotelini si upuuzi. Bila ile ya kwanza nisingejua hata ambu inashikwaje. Kinachonikera ni bajeti kuishia hapo hapo, kana kwamba maarifa yakishaingia kichwani yatakaa milele kama mali iliyowekwa benki. Mkono hauko hivyo. Mkono unasahau haraka kuliko kichwa, na ubaya wake haukwambii kwamba umesahau. Unaligundua hilo saa tisa usiku.

Waliokuja baadaye walivutwa na ushindani. Kijana mmoja wa zamu ya usiku alianza kujisifu kwamba kifua cha mdoli kinainuka kwake ndani ya sekunde 40, na wakunga wenye miaka ishirini kazini hawakuweza kuvumilia hilo.

*

Lakini mkono ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mdomo, na hapa ndipo tulipopata tabu zaidi.

Nenda leba yoyote mambo yalipoharibika, usikilize lugha. "Daktari aitwe!" "Drip iwekwe!" "Damu iletwe!" "Ndugu waambiwe!" Aitwe na nani? Iletwe na nani? Kiswahili kimetupa kauli ya kutendwa, na mtu mwenye hofu huipenda mno, kwa sababu inamwezesha kutoa amri bila kumkabidhi mtu yeyote. Chumba chenye watu sita, amri nne zinaelea hewani, kila mmoja anaamini mwenzake ameichukua. Nimeona mama akisubiri damu kwa dakika ishirini ilhali hakuna mtu aliyekwenda maabara. Wote tulikuwa tumesikia, na wote tulikuwa na uhakika.

Inchaji alitupiga marufuku kutumia kauli hiyo wakati wa mazoezi. Nasema kweli, alikuwa anapiga meza akiisikia. Mtazame mtu usoni, mtaje jina, mpe kazi moja. Aliyepewa anairudia kwa sauti: "Naweka drip, mkono wa kushoto." Akimaliza anasema: "Drip imeingia." Mwanzoni tulicheka, tukaona tunaigiza kama watoto wa chekechea. Lakini kuirudia kauli kuna faida mbili. Aliyetoa amri anajua imepokelewa, na kama umesikia vibaya, "miligramu kumi" badala ya "gramu kumi", kosa linakamatwa hewani kabla halijafika kwenye sindano. Mmoja wetu haruhusiwi kugusa mgonjwa kabisa. Kazi yake ni kusimama miguuni pa kitanda na kuandika saa. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa muuguzi, kusimama tu huku mikono inawasha.

Kisha likaja suala la heshima. Tumelelewa kuamkia. Muuguzi mdogo anampigia simu daktari bingwa saa saba usiku: "Shikamoo daktari. Samahani sana kwa kukusumbua. Habari za nyumbani? Ni mimi huku wodi ya wazazi. Nilikuwa naomba, kama una nafasi, ni kuhusu yule mama wa kitanda namba nne, yule aliyejifungua jioni…" Anapofika kwenye neno damu, daktari amesinzia tena, na mama amepoteza nusu lita nyingine. Hatukumkosesha mtu adabu. Tulifundishana kupanga upya sentensi: nani, wapi, nini, nataka nini. "Daktari, ni muuguzi wa leba. Mama amejifungua, anavuja damu zaidi ya lita moja, presha 80 kwa 50. Njoo sasa." Shikamoo atapewa akifika.

Daktari wetu mmoja wa zamani, mtu wa makamo, alipopigiwa simu ya namna hiyo mara ya kwanza alikasirika. Alisema muuguzi yule amemwamrisha kama dereva wa bajaji. Alikasirika akiwa anavaa viatu. Alifika baada ya dakika tisa, huku akigomba, na hilo lilitutosha.

Kumkosoa mkubwa aliyesimama mbele yako ni kazi nyingine, na sidhani kama tumeimaliza. Tulikubaliana neno moja, "Naomba tusimame," kwamba yeyote akilitamka, hata mhudumu wa usafi, kila mtu anatulia na kumsikiliza. Limetumika mara chache. Mara moja lilitamkwa na mwanafunzi wa uuguzi aliyeona chupa ya damu ina jina la mgonjwa mwingine.

*

Damu inanikumbusha kanga. Macho ya binadamu hayajui kupima damu. Sisi sote tunapunguza, hasa inapotoka polepole. Nusu lita kwenye shuka inaonekana kama kikombe. Wakunga wa jadi wa Kigoma waliwahi kufundishwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kipimo ambacho kila mwanamke wa nchi hii anacho nyumbani: kanga mbili zikilowa chapachapa, damu imezidi, mpe mama misoprosto, vidonge vya kukaza mfuko wa uzazi, na umpeleke hospitali. Hawakuhitaji mashine wala hesabu. Mpaka leo naona ni moja ya mafunzo ya dharura yaliyobuniwa kwa akili nyingi kuliko yote niliyowahi kuyasoma, kwa sababu yalianza na kitu kilichokuwa tayari mkononi mwa mtu.

Siku hizi kuna mfuko wa plastiki wenye umbo la koni na mistari ya kupimia, unaowekwa chini ya mama baada ya kujifungua. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, katika hospitali zipatazo 80, ulitoa majibu mwaka 2023. Damu ikipimwa kwa mfuko huo, na matibabu yakitolewa yote kwa pamoja badala ya kujaribu moja na kusubiri, matatizo makubwa yanayotokana na kuvuja damu yanapungua kwa asilimia 60. Kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, drip, kukagua njia ya uzazi. Hakuna dawa mpya hata moja hapo. Vyote tulikuwa navyo, tukivitoa kimoja kimoja kwa uangalifu, huku mama akiisha.

Na mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya mpango uliojengwa juu ya kazi ya Haydom, kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, midoli, vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, na wauguzi wa kituo chenyewe kuwa wasimamizi wa mazoezi. Vifo vya watoto siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40, vya akina mama kwa asilimia 75. Nilimpelekea inchaji wetu habari hiyo kwa WhatsApp. Ameshastaafu, analima vitunguu. Alinijibu kwa alama moja ya dole gumba.

*

Nisije nikaonekana nadharau mazoezi makubwa. Viwanja vya ndege, kwa mfano, vinatakiwa kwa kanuni za kimataifa kufanya zoezi kamili la ajali kila baada ya miaka miwili au mitatu, na wakati mmoja hospitali yetu ilialikwa kwenye zoezi la namna hiyo. Walihitaji majeruhi wa kuigiza. Nilijitolea. Nikapakwa rangi nyekundu mguuni, nikalazwa kwenye nyasi kando ya lami. Kijana akaja mbio, akanikagua kwa sekunde 30, akanifunga kitambulisho cha njano mkononi: majeraha yanayoweza kusubiri kidogo. Alifanya sawa kabisa. Nyekundu, walio hatarini zaidi, walibebwa kwanza, kijani wakatembea wenyewe, mweusi mmoja, aliyehesabiwa amekufa, akafunikwa shuka akawa anacheka chini yake.

Mimi wa njano nikasubiri. Jua likapanda. Siafu wakanigundua. Magari ya wageni waalikwa yakaondoka, zima moto wakakunja mipira yao, na mimi bado nimelala kwa sababu maelekezo yalisema majeruhi asisimame mpaka abebwe. Ilipita zaidi ya saa nzima. Aliyenikuta ni mzee wa kufagia, akaniuliza, "Mama, wewe bado umekufa?"

Kila nikifundisha sasa naanza na kisa hicho, watu wanacheka, kisha nawauliza: kama ningekuwa na bandama iliyopasuka? Nisingebaki njano. Ningekuwa nyekundu baada ya robo saa na mweusi baada ya saa moja, na kitambulisho changu bado kingesema njano. Kumpanga mgonjwa si muhuri wa posta. Unampanga, unarudi, unampanga tena. Ripoti ya zoezi lile, nilivyosikia, ilisema lilifana.

*

Halafu wako wale wanaofika kabla yetu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafa, na waliokuwa wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Barabarani ni bodaboda na abiria wa daladala. Kijijini ni jirani mwenye gari. Hao ndio waokoaji wetu, tupende tusipende, na wengi hakuna aliyewahi kuwafundisha hata jinsi ya kukandamiza jeraha linalovuja.

Ndiyo maana naupenda mpango wa m-mama, wa kupiga 115 bure na kutafutiwa usafiri wa mama mjamzito au kichanga, ambao mwaka 2022 serikali ilizindua upanuzi wake kwenda nchi nzima. Gari la wagonjwa lisipokuwepo, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, na analipwa kwa simu. Niliwahi kukaa na kundi dogo la madereva, mchana mmoja chini ya mwembe, kuwaeleza mambo manne tu. Mlaze mama kwa ubavu wa kushoto. Akipata degedege usimtie kijiko mdomoni. Akijifungulia njiani, simamisha gari, mkaushe mtoto na umweke kifuani kwa mama, wafunike pamoja. Piga simu hospitali kabla hujafika, tukusubiri mlangoni na machela.

Dereva mmoja, baba wa watu kama miaka hamsini, aliniuliza, "Sista, na mimi nikiogopa?" Hilo halikuwa kwenye mambo yangu manne. Nilimwambia hata mimi naogopa. Akaniomba tufanye mazoezi. Tukamlaza mwenzake kwenye kiti cha nyuma cha Probox, mwanaume mwenye kitambi akijifanya ana uchungu, na yule baba akarudia kupiga simu ya kuigiza mara sita mpaka sauti yake ikaacha kutetemeka.

*

Mwaka wa kwanza baada ya kuanza Jumatatu zetu, vifo vya watoto wachanga kwenye kitabu chetu viliongezeka. Tuliitwa ofisini kujieleza. Ilitubidi tuwaonyeshe wakubwa safu ya pili, ile ya waliozaliwa wafu, ambayo ilikuwa imepungua zaidi ya ile ya kwanza ilivyopanda. Tulikuwa tumeanza kuandika ukweli. Si rahisi kumweleza mtu mwenye jedwali la robo mwaka kwamba namba mbaya ni dalili nzuri.

Wapo watoto ambao unawafanyia kila kitu kwa wakati na wanakufa. Mwezi uliopita tulimpata mmoja. Muuguzi kijana, hana hata mwaka kazini, alianza kumpa pumzi kabla sekunde ya hamsini, kifua kinainuka vizuri kabisa, mwenzake ametajwa jina na amerudia, daktari amefika mapema. Dakika ya ishirini mapigo yakanyamaza. Baada ya kumhudumia mama tulikaa wote chumba cha chai, watu watano, tukapitia saa moja baada ya nyingine kutoka kwenye karatasi ya yule aliyesimama miguuni pa kitanda. Hatukuona pa kubadilisha. Binti alilia, tukamwacha alie.

Kisha akaja mezani kwangu na kitabu cha wodi, kalamu mkononi.

"Sista, niandike nini?"

"Moyo ulikuwa unapiga alipozaliwa?"

"Ulikuwa unapiga."

Akaandika amezaliwa hai, akaandika saa, akaandika dakika ya ishirini. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Jumapili imeshakuwa Jumatatu. Akaosha ambu, akaikausha, akairudisha juu ya meza kichwani, barakoa ndogo ikiwa imeshavaliwa. Halafu akamtoa mdoli kwenye boksi, akafungua bomba, akaanza kumjaza maji.